Bibi Harusi, Gari la Umeme au Haibridi ya Kuchaji?

Bi harusi mmoja ametuuliza anunue gari gani: la umeme mtupu, au haibridi ya kuchaji, yenye betri na tangi la petroli?

Sisi washonaji wa Mwamanyili, tunaopeleka magauni hadi Mwanza, tunasema haibridi. Umeme ni nafuu, hatukatai. LUKU ya shilingi 10,000 ni uniti kama 28, na uniti moja hukupeleka kama kilomita 6. Petroli ya hela hiyo haikufikishi hata nusu ya njia. Lakini Nissan Leaf za mwanzo zilikuja na betri ya uniti 24 tu, na sasa zimechoka. Umeme ukikatika usiku wa kuamkia nikahi, gauni la watu litafikaje? Mitsubishi Outlander ya kuchaji ya 2013 ina betri ya uniti 12: sokoni unakwenda kwa umeme, safari ndefu petroli inakuokoa. Ila usipoichaji, umenunua gari zito la petroli tu.

Wewe wa Unguja mjini, safari zako fupi, chukua la umeme. Tuangalie safari zetu, tusiangalie fahari. Ahadi ni deni, dada.