Ndoa Si Dawa ya Ulevi: Mtafutieni Kikao Kabla ya Kumtafutia Mke



Mfungo Mosi umeingia na kadi za harusi zimeanza kugawiwa. Pamoja na hina na singo, kuna neno linalopita majumbani kwa sauti ya chini: "Muozesheni, atatulia." Anayesemwa ni kijana anayekunywa pombe. Familia yake inajua, jirani wanajua, hata muuza duka anajua. Asiyejua ni bibi harusi peke yake.

Kwa heshima zote kwa mama zetu na shangazi zetu, neno hili tulikatae. Ulevi ukishakuwa uraibu ni maradhi, na mke si kidonge. Kijana aliyeshindwa kuacha kwa machozi ya mama yake hataacha kwa sababu ya msichana aliyemjua miezi mitatu. Mtasema Ramadhani nzima hakuigusa. Alhamdulillah, lakini wengi huiacha mwezi mmoja na kuirudia Idd pili. Kujizuia ni jambo moja, kupona ni jambo jingine.

"Lakini kumsitiri Muislamu ni wajibu!"

Naam, ni wajibu kumsitiri aliyeteleza akatubu. Si wajibu kumficha mgonjwa asiyetibiwa ili mtoto wa watu aingie kizani. Fatima bint Qays (radhiyallahu anha) alipoposwa na watu wawili, alikwenda kwa Mtume (swallallahu alayhi wasallam) kutaka ushauri. Hakuambiwa "usiulize ya watu". Alielezwa wazi kasoro ya kila mmoja: huyu hana mali, yule ni mkali kwa wanawake. Hadithi hiyo imo katika Sahih Muslim. Basi nani katuruhusu sisi kunyamaza?

Na nyinyi mnaomlaani mlevi, nanyi mmekosea. Katika Sahih al-Bukhari kuna habari ya mtu aliyeletwa mara kwa mara kwa kunywa pombe na akaadhibiwa. Mmoja wa waliokuwepo akamlaani, na Mtume akakataza, akaeleza kuwa mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu ilikuwepo, lakini mlango haukufungwa.

Tusifiche, tusilaani. Tumtafutie kikao.

Kikao gani?

Ni mkutano wa watu wenye maradhi hayo hayo, wanaosaidiana kuacha siku baada ya siku. Njia hii ilianza mwaka 1935 huko Akron, Marekani, kwa walevi wawili waliokutana na kusaidiana, ndipo ukazaliwa umoja wa Alcoholics Anonymous. Hakuna ada. Sharti la kujiunga ni moja tu: kutaka kuacha kunywa. Watu hutumia jina la kwanza, na yanayosemwa humo hubaki humo. Hiyo ndiyo sitara ya kweli, kuliko siri inayojulikana na mtaa mzima.

"Ni mambo ya Wazungu." Penisilini nayo? Waislamu wa Baltimore walianzisha Millati Islami mwaka 1989, wakaziweka zile hatua 12 katika misingi ya dini yetu. Anayehudhuria kikao haiachi sala wala toba. Anatubu kwa Mola wake, kisha anachukua sababu.

Hapa Unguja, mahali pa kuanzia ni soba hausi. Nyingi zinajulikana kwa vijana wa unga, lakini hatua 12 wanazozifuata asili yake ni kwa walevi wa pombe. Uliza mambo manne: mikutano ni siku gani, je, wa pombe wanapokelewa, wasiolala hapo wanaruhusiwa, na je, kuna kikao cha wanawake peke yao. Ukikosa karibu, ipo mikutano ya mtandaoni, na unaweza kusikiliza kwa simu ukiwa chumbani kwako.

Tahadhari moja kubwa: anayekunywa sana kila siku asifungiwe chumbani aache ghafla. Anaweza kupata degedege na hata kufa. Apelekwe kwanza hospitali. Kidongo Chekundu si fedheha, ni hospitali.

Na sisi wanawake

Wapo dada zetu wanaokunywa, na tunajua wapo. Mwanamume akilewa ni "kijana, atakua". Mwanamke akilewa hana tena jina. Ndiyo maana hujificha mpaka ini linachoka. Wenye nyumba hizi na wenye misikiti, wapeni wanawake chumba chao na saa yao, tena mchana, wakati mwanamke anaweza kutoka bila kuhojiwa.

Na wewe ambaye tayari ni mke wa mlevi, jua kuwa Al-Anon ilianzishwa 1951 kwa ajili ya familia za walevi, wake wakiwa mstari wa mbele. Nawe unahitaji kikao chako, anywe asinywe.

Bibi harusi mtarajiwa, ukisikia posa yako ina harufu ya pombe, usimuulize kama ataacha. Muulize mbele ya walii wako: unahudhuria kikao wapi, mara ngapi kwa wiki, tangu lini? Akiwa na jibu, mpe muda na umtazame. Akijibu "nikioa nitaacha", mwambie aache kwanza, ndipo arudi kuposa.

Allah awaponye wagonjwa wetu na awahifadhi mabinti zetu. Aamiin.