Sifuri si sawa na "hatujui": orodha za wahami zihesabiwe kwa haki

Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wanadhani ni la watu wa chuo kikuu tu: namna ya kutengeneza vekta katika lugha ya R. Mimi naona linatugusa sisi wote, na zaidi wahami, kwa sababu chakula kinagawanywa kwa hesabu, na siku hizi hesabu inafanywa kwa ordinatere.

R ni lugha ya kuhesabia takwimu. Ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman kwenye Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, miaka ya 1990. Ni ya bure, na ukiisha kuiweka ndani ya ordinatere inafanya kazi hata bila intaneti. Vekta ni orodha ya vitu vya aina moja vilivyopangwa kwa mstari. Unaitengeneza kwa herufi c na mabano. Tuchukue mfano wa kambi nne:

familia <- c(120, 85, NA, 64)

Namba hizi ni za mfano tu. Kambi ya kwanza ina familia 120, ya pili 85, ya nne 64. Na ya tatu? Hakuna aliyefika kule kuhesabu. Pengine barabara ilifungwa, pengine watu wameingia jana usiku. NA maana yake hesabu haipo. Haina maana kwamba watu hawapo.

Shida inaanzia hapo. Mwenye kuandika orodha akiweka neno "bado" ndani ya vekta, R inageuza namba zote kuwa maandishi, na kujumlisha kunakataa. Akiweka NA na kuomba sum(familia), R inajibu NA, kwani haiwezi kujumlisha kisichojulikana. Basi kwa haraka anafuta NA, anaandika 0. Jumla inatoka: 269. Ripoti inakwenda kwa wakubwa, na familia za kambi ya tatu zimepotea kwenye karatasi wakati wangali wanalala chini ya mashiti.

Wengine watasema malori yanapakiwa leo, hakuna wakati wa kungoja. Ni kweli. Lakini njia ipo. sum(familia, na.rm = TRUE) inatoa 269 ileile, na NA inabaki ndani ya orodha. Tena sum(is.na(familia)) inajibu 1, yaani kambi moja haijahesabiwa. Angalia pia wastani: ukiweka sifuri, kila kambi inapata karibu familia 67, ukiacha NA pembeni, ni karibu 90. Tofauti hiyo ni unga na maharagi.

Sisi wa Kivu ya Kaskazini na Ituri tunapaswa kulielewa hili upesi. Wakati wa Ebola, kuanzia 2018 hadi 2020, watu 3470 waliugua na 2287 walikufa. Siku kijiji hakikutuma habari, hakuna mwenye akili aliyesema kwamba kijiji kimepona.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wenye kuandika orodha, msiweke 0 mahali ambapo hamjafika. Kamati za wahami, kila mara mkisomewa jumla, ulizeni: "Ni kambi ngapi hazijahesabiwa?" Na sisi waandishi wa redio tuulize hivyo hivyo kabla ya kutangaza namba yoyote, kwa sababu namba ikiisha kupita hewani, kuirudisha ni kazi.

Vijana wenye diplome na ambao wanakaa bila kazi, jifunzeni lugha hii. Kuandika vekta ya kwanza hakumalizi hata saa moja. Kuandika NA pale panapostahili NA kunadai uaminifu, na huo ndio wahami wanaungojea.