MALEZI YETU: Mpira wa Katikati



Mwezi huu twataka kusema habari za mchezo wa tenisi. Pengine baadhi yenu mtashangaa na kuuliza, mwalimu wa chuo ana nini na tenisi? Tuvumilieni kidogo, mtaona tunakokwenda.

Katika nchi jirani ya Kenya yuko binti mmoja, jina lake Angella Okutoyi. Alizaliwa Januari 2004 pamoja na pacha wake, na mama yao akafariki katika uzazi huo huo. Aliyewalea ni bibi yao, Mary Ndong'a, mtu wa kipato kidogo, aliyekuwa akifanya kazi ya usafi shuleni. Mtu wa jamaa yao ndiye aliyewatia katika mchezo huo.

Julai 2022 binti huyu, akiwa na miaka 18, alishiriki mashindano ya vijana ya Wimbledon, Uingereza, katika mchezo wa wawili wawili. Mwenziwe alikuwa Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Katika fainali walikutana na mabinti wawili wa Kanada, Kayla Cross na Victoria Mboko. Seti ya kwanza walishindwa 3-6. Ya pili wakashinda 6-4. Na hesabu ya mwisho ya kuamua wakashinda 11-9. Kabla yake hapakuwa na Mkenya aliyepata kombe katika mashindano yale manne makubwa ya tenisi, hata kwa upande wa vijana. Machi 2024 alipata dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Accra, akicheza peke yake. Na tenisi hiyo hiyo ilimfikisha Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani.

Tena yuko Sania Mirza, binti wa Kiislamu wa Hyderabad, India, aliyefundishwa na baba yake. Maumivu ya mkono yalimfanya auache mchezo wa mmoja mmoja mwaka 2013, akashika wa wawili wawili tu. Mwaka 2015 akawa wa kwanza duniani katika mchezo huo, na mwaka huo huo akashinda Wimbledon pamoja na Martina Hingis. Alistaafu mwaka 2023. Juu ya mavazi yake watu walisema mengi, na sitara ni jambo lisilo dogo kwetu. Lakini leo twataka kutazama jambo jingine.

Katika mchezo wa wawili wawili uwanja hupanuliwa, kutoka futi 27 hadi futi 36. Mara nyingi mmoja husimama karibu na wavu, na mwenziwe nyuma. Mpira unaowatesa sana ni ule unaopita katikati yao. Wote wawili wanauweza, lakini kila mmoja humwachia mwenziwe, ukapita. Kwa hiyo hufundishwa kuita mapema: "Wangu!" Aliyeita ndiye mwenye jukumu.

Sasa tusikilizeni. Mwaka jana alitujia bibi mmoja wa hapa Tunduma, auzaye mchele karibu na mpaka wa Nakonde. Analea mjukuu wa kike wa miaka 12, yatima wa mama. Baba wa mtoto yu safarini na malori, na habari zake ni haba.

Akasema, "Maalim, nimwachishe shule anisaidie bandani? Peke yangu siwezi tena."

Nasi, Mungu atusamehe, tulimjibu upesi: "Mama, fanya unaloliona jema." Tulidhani hilo ni jambo la jamaa zake. Kumbe ami zake walidhani ni la bibi, majirani walidhani ni la mwalimu, na bibi maskini alidhani ametuuliza sisi akajibiwa. Binti akakaa bandani miezi mitatu. Shuleni haendi, chuoni haji. Mpira ulipita katikati yetu sote, na kila mmoja alikuwa na nguvu ya kuurudisha.

Tulipozipata habari za bibi wa Nairobi tuliona haya. Tukaenda kwa yule mama tukamtaka radhi, kisha tukawaita ami wawili wa mtoto. Mmoja alichukua sare na madaftari. Wa pili alikubali mkewe akae bandani siku za soko. Sisi tulichukua kumfundisha hesabu baada ya Alasiri. Binti amerudi darasani, lakini yuko nyuma ya wenziwe, kwani miezi mitatu hairudi kwa siku moja.

Sote twajua kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifiwa na mama yake akiwa na miaka sita. Babu yake akamchukua. Na babu alipofariki, ami yake Abu Talib akampokea. Hakuna aliyengoja mwingine.

Basi wazazi na vijana, kila mmoja atazame katika ukoo wake na mtaa wake. Akimwona mtoto aliye katikati ya watu wengi, kila mmoja akidhani ni wa mwenziwe, asiulize ni kazi ya nani. Aseme, "Huyu ni wangu," kisha atafute wa kumsaidia.

Wassalaam.