Mundra: Wavuvi wa dago walioifikisha Benki ya Dunia mahakamani

MWISHONI mwa Mei 2024, kampuni tanzu ya Adani Ports ya India ilipata mkataba wa miaka 30 wa kuendesha gati la pili la makontena (CT2) katika Bandari ya Dar es Salaam. Miezi sita baadaye, Novemba 21, Rais William Ruto wa Kenya alitangaza kufuta mpango wa kulikabidhi kundi hilo hilo la Adani kazi ya kupanua na kuendesha Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi.

Katika mjadala ulioendelea katika nchi hizi mbili, mahali ambapo kundi hilo lilijifunzia kazi ya bandari hapakutajwa sana. Ni Mundra, mji wa pwani katika wilaya ya Kutch, jimbo la Gujarat, magharibi kabisa mwa India. Anayetaka kuelewa nini huwapata wakazi wa pwani pale bandari kubwa na viwanda vinapohamia kwao, afadhali aanzie huko.

Kutch ndiyo wilaya kubwa kuliko zote nchini India kwa eneo. Ina zaidi ya kilomita za mraba 45,000, yaani inauzidi Mkoa wa Dodoma, lakini sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu milioni 2.1 tu. Kaskazini yake, kuelekea mpaka wa Pakistan, ni jangwa la chumvi liitwalo Rann, ambalo hufunikwa na maji wakati wa masika ya huko na kubaki tambarare nyeupe wakati wa kiangazi. Kusini ni Ghuba ya Kutch, yenye mikoko na vijito vya maji ya chumvi. Wapo huko ngamia wa aina ya kharai, wanaoogelea baharini kwenda kula majani ya mikoko kwenye visiwa vidogo.

Nchi ya namna hiyo haimlishi mkulima kwa urahisi, na mvua zake haziaminiki. Ndiyo maana watu wake waligeukia bahari. Kutoka Mandvi, mji ambao mafundi wake wameendelea kuunda majahazi ya mbao kando ya mto Rukmavati, mabaharia walishuka na upepo wa kaskazi hadi Zanzibar wakiwa na vitambaa vya pamba, wakarudi na kusi wakiwa wamepakia pembe za ndovu na karafuu.

Mkataba wa CT2 si wa kwanza kuunganisha bandari za Afrika Mashariki na wilaya hiyo. Kuanzia miaka ya 1830, ushuru wa forodha wa Zanzibar ulikodishwa na Sultani kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Banyani wa Kutch, na baadaye ukashikwa na Tharia Topan, Khoja wa huko huko, ambaye jengo la zahanati alilolianzisha Mizingani bado linasimama. Alidina Visram, aliyefungua maduka kutoka Bagamoyo hadi Uganda na ambaye jina lake limebaki katika shule maarufu mjini Mombasa, alizaliwa katika kijiji cha Kera, Kutch.

Historia hiyo ina upande wake mchungu. Wafanyabiashara hao walimiliki watumwa, na mwaka 1860 Balozi wa Uingereza mjini Zanzibar, Rigby, aliwalazimisha Wahindi waliokuwa chini ya himaya yake kuwaachia huru. Waafrika waliovushwa kwenda ng'ambo waliacha kizazi. Wanaitwa Masidi, wapo Kutch na sehemu nyingine za Gujarat, na ngoma yao wanaiita goma. Neno hilo halihitaji mkalimani.

Mabadiliko makubwa ya zama hizi yalianza kwa msiba. Asubuhi ya Januari 26, 2001, India ikiwa katika sherehe za Siku ya Jamhuri, tetemeko la ardhi liliibomoa miji ya Bhuj, Bhachau na Anjar. Idadi ya waliokufa inakadiriwa kuwa kati ya watu 13,000 na 20,000. Ili kuinua uchumi wa wilaya, Serikali ilitoa msamaha wa kodi kwa viwanda vipya vitakavyojengwa Kutch. Wawekezaji walifurika. Bandari ya Mundra, iliyoanza kazi mwaka 1998, ilikua hadi kuwa bandari kubwa ya kibiashara nchini humo, na kando yake ikajengwa mitambo miwili mikubwa ya umeme wa makaa ya mawe. Mmoja ni wa Adani. Mwingine, wa megawati zaidi ya 4,000, ni wa kundi la Tata, na huo wa Tata ndio uliozaa kesi.

Mwaka 2008 mradi wa Tata uliidhinishiwa mkopo wa dola milioni 450 na IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi. Juni 2011 chama cha wavuvi kiliwasilisha malalamiko kwa ofisi ya ndani inayopokea malalamiko dhidi ya IFC. Walidai kuwa maji ya moto yanayotoka mtamboni yanafukuza samaki na kamba, vumbi la makaa linaharibu samaki wanaoanikwa, na njia za kufika ufukweni zimefungwa.

Hapa ndipo palipo kiini cha suala lenyewe. Wavuvi hao si wakazi wa kudumu wa ufukwe. Huhamia pwani na familia zao takriban miezi minane kwa mwaka, wakajenga vibanda, wakavua na kukausha samaki, kisha hurudi vijijini bahari inapochafuka. Pwani yetu inalo neno la maisha hayo: kwenda dago. Ripoti ya ukaguzi ya mwaka 2013 iliona kuwa IFC haikuhakikisha ipasavyo kwamba athari za mradi kwa wavuvi hao wa msimu zinazingatiwa. Kwa maneno mengine, mtu wa dago hakuonekana sawasawa kwenye makaratasi ya mradi, ingawa babu yake alivua pale pale.

Uongozi wa IFC ulipinga sehemu kubwa ya matokeo hayo. Mwaka 2015 wavuvi wakafungua kesi mjini Washington. IFC ilijitetea kwamba ina kinga kwa mujibu wa sheria ya Marekani ya mwaka 1945, na mahakama mbili za chini zikakubali. Lakini Februari 27, 2019, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura saba dhidi ya moja kwamba kinga ya mashirika ya kimataifa haizidi ile ya serikali za kigeni, ambazo tangu 1976 zinaweza kushitakiwa kwa baadhi ya shughuli za kibiashara.

Ulikuwa ushindi wa kanuni, wala si wa fidia. Kesi iliporudishwa chini, jaji aliitupa mwaka 2020 kwa sababu kiini cha madai, yaani jinsi mtambo ulivyojengwa na kuendeshwa, kilitokea India na si Marekani. Mahakama ya Rufaa ilikubaliana naye mwaka 2021, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikakataa kulisikiliza tena shauri hilo. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hoja hiyo inaiacha kinga ile ile ikiwa imevaa kanzu nyingine, kwa kuwa miradi mingi ya IFC hujengwa nje ya Marekani.

Mtambo wenyewe haukuwa dhahabu kwa mwenyewe. Indonesia ilipobadili kanuni za bei ya makaa yake, mradi uliingia katika miaka ya hasara na mabishano kuhusu bei ya umeme.

Mwelekeo wa uwekezaji wa Kutch sasa ni jua na upepo. Huko Khavda, pembeni mwa Rann, unajengwa uwanja wa umeme uliopangwa kufikia megawati 30,000. Gharama za kesi ya Washington zilikwisha. Vibanda vya dago, kwa wavuvi wanaobaki kwenye ufukwe wa Mundra, husimikwa msimu wa mvua unapopita, jirani na mfereji wa mtambo.