Mto Nzoia Hauanzii Budalangi

Kila mwaka mvua za masika zinapokaribia, watu wa Budalangi hutazama mto wao kwa hofu. Wengi walio mbali husikia habari za mafuriko, huwahurumia, kisha huuliza, "Mbona hawahami?" Swali hilo ni jepesi, lakini yafaa kwanza tujue maji yale hutoka wapi, nayo hubeba nini.

Nzoia huanza katika vilima vya Cherangani, tena huongezewa maji na mito ishukayo kutoka Mlima Elgon. Huteremka kwa nguvu hata maporomoko ya Webuye, hupita Mumias, kisha huingia nchi tambarare ya Bunyala kabla ya kumwagika katika Ziwa Victoria. Maji yaendayo kasi huchukua udongo. Yakipungukiwa na mwendo huuweka chini. Kwa hiyo udongo wa mashamba ya mahindi na miwa ya huko juu hulala katika sakafu ya mto huko chini, na sakafu hiyo huinuka kidogo kidogo.

Tangu miaka ya 1970 Serikali ilijenga kuta za udongo kandokando ya mto. Kuta hizo zimeokoa mashamba mengi, lakini zilibomoka mwaka 2003, tena 2008, tena 2011. Mwaka 2020 mto ulifurika, na Ziwa lenyewe lilikuwa limejaa mno, hata maji ya mto yakakosa njia. Ajabu ya ukuta ni hii: ukiwa mzima hulinda nyumba, bali ukiisha kubomoka huyazuia maji yasirudi mtoni. Basi hukaa vijijini siku nyingi. Vyoo hujaa, visima huchafuka, magonjwa ya tumbo na malaria hufuata, na watoto hukosa masomo kwa sababu shule zimejaa maji, au zimejaa watu waliokimbia maji.

Hata hivyo udongo uletao msiba ndio uletao chakula. Ardhi ya Bunyala ina rutuba, na mpunga hulimwa huko kwa maji ya mto huo huo. Mtu mwenye shamba jema, tena karibu na makaburi ya wazee wake, hahami kwa kuambiwa tu.

Yako mambo yanayowapasa wakaao kando ya mto. Ukuta wa udongo huharibiwa na njia za ng'ombe, mashimo ya wanyama na majembe ya watu wachimbao udongo au walimao juu yake. Tundu dogo wakati wa kiangazi huwa mlango wakati wa masika, lizibwe mapema. Kadhalika mvua ya mlimani haifiki Bunyala mara moja. Habari ya simu au redio ikifika kabla ya maji, wazee, wagonjwa na watoto waondolewe kwanza, na nafaka iwekwe mahali pa juu. Asiyeondoka kwa kungoja kuona maji kwa macho yake huenda akayaona usiku, wakati njia imekwisha kufungwa.

Lakini kazi kubwa iko juu. Mkulima alimaye mteremko bila matuta, akatae miti kwenye chemchemi, alimaye hata ukingoni mwa mto, hupoteza udongo wake mwenyewe, naye humpelekea jirani asiyemjua mafuriko. Matuta, majani ya kushika udongo na miti kando ya mito humpa faida yeye kwanza, kwa kuwa rutuba hubaki shambani mwake.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Budalangi ukuta umekwisha kujengwa, umejengwa tena, wala hautoshi. Ufa wenyewe uko katika miteremko ya juu, na wa kuuziba ni sisi tunaokaa mahali pakavu.