KIKOMBE NDIYO, LAKINI MAJI NA MLANGO WA CHOO KWANZA



Safari hii sisi makapita wa wasichana hatuandiki juu ya kufagia darasa wala juu ya wale wanaochelewa mstari wa asubuhi. Tunaandika juu ya jambo ambalo nusu ya shule inalibeba kila mwezi na nusu ingine inalicheka: siku za mwezi za wasichana, ile wengi tunaita regle. Tunaomba wavulana wasiruke ukurasa huu. Kesho wao pia watakuwa baba wa wasichana, na makuta ya sabuni na ya pamba yatatoka mfukoni mwao.

Sababu ya kuandika ni hii. Mbele ya likizo ya Pasaka halmashauri ya wazazi itakaa pamoja na Bwana Prefe kupanga mambo ya mwaka ujao. Kati ya mambo hayo kuna yale makuta ambayo kila msichana wa bweni analipa juu ya minervali kwa ajili ya pamba za paketi. Kuna waliotoa shauri kwamba shule iache kununua pamba, inunue vikombe vya hedhi, kimoja kwa kila msichana, na maneno yaishe. Sisi tunasema: shauri ni zuri, lakini maneno hayaishi pale.

Kwanza tueleze kitu chenyewe, maana wengi wanabishana juu ya kitu ambacho hawajakiona. Kikombe cha hedhi si cha kunywea. Ni kitu kidogo, laini, chenye umbo la kengele, kinachotengenezwa kwa silikoni, namna ile ya kuingia mu hospitali. Msichana ananawa mikono, anakikunja, anakiingiza ukeni, nacho kinajifungua chenyewe ndani. Hakinyonyi damu kama pamba, kinaipokea tu. Kisha saa 4 mpaka saa 12, kufuatana na wingi wa damu, anakitoa, anamwaga chooni, anakiosha kwa maji safi, anakirudisha. Mwezi ukiisha anakichemsha kwa dakika karibu 5, anakiweka ndani ya kifuko cha kitambaa kinachopitisha hewa, mpaka mwezi mwingine. Kikitunzwa vizuri kinaweza kudumu mpaka miaka 10.

Tena si kitu cha jana. Mama mmoja wa Marekani, Leona Chalmers, aliyekuwa mchezaji wa tiyatri, alipata hati ya uvumbuzi wa kikombe cha namna hii katika mwaka 1937. Cha wakati ule kilikuwa cha mpira. Vita ya pili ya dunia ilipofika mpira ukakosekana, kazi ikasimama. Leo silikoni imechukua nafasi ya mpira.

Sasa tufanye hesabu, maana hesabu haina haya. Tuchukue msichana ambaye siku zake ni 5, naye anabadilisha pamba mara 3 kwa siku. Ni pamba 15 kwa mwezi, ndiyo kusema paketi 2 za pamba 8. Mwaka mmoja ni paketi 24. Tangu mwaka wa saba mpaka kufikia finalisti ni miaka 6, basi ni paketi 144, ndizo pamba zaidi ya 1,100 za msichana mmoja. Bweni la wasichana 100 linamaliza paketi 2,400 kila mwaka. Zinakwenda wapi kisha kutumika? Zinakwenda mu shimo ya choo. Pamba hizi zina plastiki ndani, haziozi upesi kama karatasi. Halafu tunashangaa kwa nini shimo linajaa mbele ya wakati wake, na wazazi wanaombwa tena makuta ya kuchimba lingine.

Kikombe kimoja kizuri kinapita bei ya paketi nyingi, ni kweli. Msichana anayeuza karanga siku ya soko hawezi kukinunua peke yake. Lakini kwa makuta ya shule ni kulipa mara moja, na msichana anamaliza masomo yake yote nacho, anakwenda nacho hata chuo kikuu. Kwa hesabu hiyo wale waliotoa shauri wana haki.

Tufike kwa maneno yanayosemwa bwenini usiku. Tumeyakusanya, nayo ni matatu.

Neno la kwanza: "Ile kitu itapotelea mu tumbo." Hapana. Uke una mwisho. Juu yake kuna mlango wa kizazi, na tundu la mlango ule ni dogo sana, kikombe hakipiti. Kinaweza kupanda kidogo, na msichana akiogopa anakaza mwili na kukitoa kunakuwa kugumu. Achuchumae, apumue, asukume kidogo kama mtu wa kwenda choo kubwa, abonyeze chini ya kikombe ili hewa iingie, kisha avute polepole. Asivute kwa nguvu mbele ya kubonyeza. Akishindwa, aende dispensari, si haya.

Neno la pili: "Kitajaa na kumwagika mbele ya watu." Wengi wanafikiri damu ya mwezi ni nyingi kama ya kuchinja kuku. Kwa kawaida damu ya siku zote pamoja ni kati ya mililita 30 na 80, ndiyo kusema vijiko vichache vya kulia. Kikombe kimoja kinapokea karibu mililita 25 au 30 kwa mara moja. Katika mwaka 2019 gazeti la waganga la Uingereza, The Lancet Public Health, lilikusanya uchunguzi 43 wa wanawake na wasichana karibu 3,300. Mahali ambapo walilinganisha, kikombe hakikuvujisha kuliko pamba, na pengine kilivujisha kidogo kuliko zile. Watu karibu 7 kwa 10 walitaka kuendelea nacho kisha uchunguzi. Lakini gazeti lile lilisema pia kwamba kujizoeza kunachukua miezi kadhaa. Anayekiacha mwezi wa kwanza hajakijaribu bado.

Neno la tatu ndilo gumu, na wazazi wengi wanalo moyoni hata kama hawalisemi: "Kitaharibu ubikira wa mtoto wangu." Tujibu bila kuzunguka. Ile ngozi nyembamba ya mlangoni inaweza kutanuka au kupasuka kidogo kwa kikombe; hatutaficha. Lakini ngozi ile si sawa kwa kila msichana, na haiwezi kumwonyesha mtu yeyote kama msichana amejuana na mwanamume ao hapana. Katika mwaka 2018 Shirika la Afya la Dunia na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalisema wazi kwamba kupima ubikira hakuna msingi wa sayansi na kuachwe. Heshima ya msichana iko katika mwenendo wake. Pamoja na hayo, msichana asiyependa kuingiza kitu mwilini mwake asilazimishwe, wala asiulizwe sababu.

Hapa tunafikia wazo letu lenyewe. Wale wanaotaka kugawa vikombe na kufunga mfuko wa pamba wanasema kikombe kitamaliza shida ya wasichana kukosa masomo. Tuangalie jirani zetu. Huko Kenya ya magharibi, kaunti ya Siaya, wachunguzi walijaribu vikombe kati ya wasichana wa shule, kwanza katika uchunguzi wa shule 30 kuanzia mwaka 2012, kisha katika uchunguzi mwingine wa wasichana zaidi ya 4,000 wa shule 96. Wasichana wengi walikipokea vizuri, na katika kazi ile ya kwanza waliokitumia muda mrefu walionekana na magonjwa machache ya sehemu za siri. Lakini idadi ya wanaoacha shule haikupungua kwa sababu ya kikombe. Mbona hivyo? Msichana haachi shule kwa kukosa pamba peke yake. Anaacha kwa minervali, kwa mimba, kwa kazi za nyumbani, kwa kuchekwa. Kikombe hakilipi minervali, wala hakifungi mdomo wa mwenye kucheka.

Basi tutazame choo chetu wenyewe. Kikombe kinaomba vitu vitatu: mikono safi, maji ya kuoshea, na mahali pa kujifungia. Choo cha wasichana kina milango mine. Miwili haina kufuli, na mmoja umefungwa kwa kamba. Wakati wa kiangazi kisima kinashuka, na pipa la nyuma ya bweni linakauka mbele ya saa sita. Tena wasichana hawaruhusiwi kuingia jikoni, basi watachemshia wapi? Ukimpa msichana kikombe bila maji, umempa taabu mpya. Atakitumia na mikono michafu, ao ataacha kukitoa siku nzima, na hapo ndipo ugonjwa unapoingia. Kuna ugonjwa mmoja wa sumu ya vijidudu, wa nadra sana lakini mkali: homa ya ghafula, kutapika, wekundu wa ngozi. Mwenye dalili hizo akitoa kikombe mara moja na kukimbilia muganga anaweza kuokoka. Hatusemi hivi kwa kutisha mtu. Tunasema kwa sababu anayegawa dawa anapaswa kugawa pia maelezo yake.

Bamama wetu wanatuambia: "Sisi tulitumika na vitambaa vya kikwembe, hatukufa." Ni kweli, wala hatuwacheki. Kitambaa safi cha pamba, kilichofuliwa kwa sabuni na kuanikwa kwenye jua, ni njia nzuri hata leo. Ubaya ni kwamba tunakificha chini ya godoro kikiwa bado na maji, kwa kuogopa macho ya watu. Kwa hiyo kitambaa nacho kinaomba kitu kilekile: maji, na mahali pa siri penye jua.

Kwa sababu hiyo sisi makapita wa wasichana tunaomba halmashauri ya wazazi mambo manne, kwa utaratibu huu.

1. Mbele ya kununua kikombe hata kimoja, milango minne ya choo itengenezwe, iwe na kufuli kwa ndani, na pipa la pili la maji liwekwe pale pamoja na sabuni. Seremala wa shule anaweza kumaliza kazi ile siku ya posho moja.

2. Mama wa bweni apewe sufuria moja na mbabula moja ya kuchemshia vikombe tu, na makala kidogo kila posho. Kila msichana akae na chake mwenyewe, chenye alama kwenye kifuko. Kikombe hakiazimwi, hata kwa dada wa tumbo moja. Wakati wa kuchemsha maji yasikauke, maana silikoni ikigusa chuma cha moto inaungua.

3. Vikombe vinunuliwe kwa wanaotaka, kisha mafundisho ya muuguzi wa dispensari, na kwa ruhusa ya mzazi. Visinunuliwe vya bei ya chini sana bila jina wala maandishi. Lazima karatasi yake iseme kwamba ni silikoni ya kiganga.

4. Mfuko wa pamba usifungwe. Upungue kadiri wasichana wanavyohamia kwenye kikombe ao kitambaa, lakini ubaki kwa wadogo wa mwaka wa saba na wa nane, kwa anayejizoeza bado, na kwa asiyetaka.

Watakaosema kwamba makuta hayatoshi kwa yote manne, tunawajibu: basi mfanye la kwanza. Mlango na maji vitamsaidia mwenye kikombe, mwenye kitambaa na mwenye pamba, wote watatu. Kikombe bila mlango hakimsaidii mtu.

Na ninyi kaka zetu, hamuombwi makuta. Tunavaa shati nyeupe na sketi ya bluu; mmoja akipata doa, darasa zima linajua mbele yake mwenyewe. Mnaweza kucheka, naye atakosa darasa siku tatu kila mwezi, hata mwezi wa mitihani ya Serikali. Ao mnaweza kutazama ubao, na mmoja wenu akamwambia dada aliye karibu, polepole, ili amfunike na pulova. Ni kitu kidogo. Katika Injili ya Marko sura ya 5 kuna mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, naye hakufukuzwa mbele ya umati. Tunaomba asifukuzwe mtu mbele ya darasa.

Halmashauri ikikubali, sisi finalisti hatutakuwa hapa kuona pipa la pili likijazwa, tutakuwa tumeondoka. Tunawaombea wadogo wetu waliobaki. Wazazi watakaosoma bulletin hii nyumbani, tafadhali msiikunje mbele ya kikao. Muulizeni binti yenu swali moja tu: mlango wa choo unafungwa?

Sisi makapita wa wasichana,
mwaka wa mwisho.