Sindano ya Mume, Lawama ya Mke

Mume wa makamo katika Nyakiyumbu, wilaya ya Kasese, ana kazi zisizongoja: shamba, karo za watoto, na mizigo ya kupeleka sokoni Mpondwe. Akianza kuchoka mchana, kupoteza hamu ya mkewe na kukasirika bila sababu, nyumbani husemwa ni uzee, naye hujibu kuwa ni kazi nyingi. Pengine wote hukosea.

Huenda mwili wake umepungukiwa na testosteroni, ile homoni ya kiume ambayo wataalamu walifaulu kuitengeneza mwaka 1935. Kupungua kidogo kidogo kwa kadiri ya umri ni desturi ya mwili. Ugonjwa ni pale korodani zilipoharibika, kwa mfano kwa matubwitubwi yaliyompata mtu ukubwani, au pale tezi iliyo chini ya ubongo, ambayo ndiyo huziamrisha, inapolegea. Kisukari na unene pia huishusha homoni hii, na hayo hutibiwa kwanza.

Kwa hiyo daktari mwangalifu hapigi sindano kwa kusikia malalamiko tu. Damu hupimwa asubuhi kabla ya saa 4, mtu akiwa hajala, kisha hupimwa tena siku nyingine. Aendaye hospitali ya Bwera au ya Kagando na adamke mapema, kwani damu ya alasiri huweza kumfanya mzima aonekane mgonjwa.

Anayestahili dawa aghalabu hupigwa sindano kila wiki 2 au 3. Iko pia ya kila wiki 10 hadi 14, na iko jeli ya kupaka, ambayo mtoto asiiguse kamwe. Kwa sindano ya muda mfupi, mume huchangamka siku za kwanza, na ya pili ikikaribia hununa. Mke aliyeiandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani hujiepusha na ugomvi mwingi. Damu nayo huweza kuwa nzito, hivyo vipimo havikomi, pamoja na uchunguzi wa tezi dume.

Lakini liko jambo lililo zito kuliko hayo. Homoni itokayo nje huifanya tezi ya ubongo kudhani kazi imekwisha; korodani hunyamaza na mbegu hukoma. Shirika la Afya Duniani liliijaribu dawa hii hii kuwa njia ya kuzuia uzazi, na mwaka 1990 likatangaza matokeo: katika wanaume 271 waliodungwa kila wiki, zaidi ya nusu walikosa mbegu kabisa.

Basi mume huanza sindano kimya kimya kwa kuona haya. Mwaka unapita, mke hashiki mimba. Mawifi hunong'ona, mke hunyweshwa mizizi, na mwingine huanza kutafutwa, hali kizuizi kimo katika mkono wa mume mwenyewe.

Atakaye mtoto amwambie daktari kabla ya sindano ya kwanza. Kasoro ikiwa katika tezi ya ubongo, ziko sindano nyingine ziziamshazo korodani zenyewe. Aliyekwisha kuanza asiache kwa siri, bali arudi kwa daktari pamoja na mkewe. Akisimamishiwa dawa, mbegu aghalabu hurejea, ila huweza kuchukua miezi 6, mwaka, au zaidi, na muda huo wote mke hana haja ya kunywa mizizi yoyote.